Sadaka ya Mwisho

Baba mdogo Bingkun hakumumunya maneno. Alisema mbele ya jeneza la kaka yake, wabebaji wanane wakisikia: "Mwanamke haongozi mazishi ya ukoo wa Yin. Lakini marehemu mwenyewe aliagiza iwe wewe, haya. Ila mtu mmoja tu akicheka, unajiondoa. Nampigia simu yule mwongozaji wa mjini, na kaka atazikwa siku nyingine."

Suhe alijua maana ya siku nyingine. Saa njema ya kumzika babake ingekwisha jua likivuka mlima, na saa njema iliyofuata ilikuwa baada ya siku kumi na moja. Kwa joto lile la Sichuan!

Maneno ya ibada aliyajua; babake, mwongozaji wa ibada za kijiji, alimfundisha tangu utotoni. Aliogopa watu. Maneno yale ya mababu walikwisha kuyashusha hadi kwenye meza za pombe. Glasi ya kwanza wanaiita sadaka ya kwanza, na sadaka ya mwisho ni ile wanayoiagiza mara tano kabla ya kwenda nyumbani. Watu wazima, hawana haya.

"Sadaka ya kwanzaaa!" aliita.

Bingkun akapiga magoti, akamwaga pombe ya mtama ardhini. Wabebaji wakainamisha vichwa.

"Sadaka ya piliii!"

Mbebaji mmoja akakohoa. Mwenzake akauma midomo, mabega yakimtikisika.

"We Daliang, koma!" mkewe akamnong'oneza. "Utatuaibisha."

Suhe akawachukia wote. Jua lilikuwa limegusa kilele, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Sadaka ya mwishooo!"

Kicheko kikalipuka. Hakikutoka kwa wabebaji. Kilitoka mbele kabisa, kwa Bingkun aliyepiga magoti, kikombe mkononi. Watu wakatazamana. Suhe akaanza kufungua kitambaa cheupe cha msiba kichwani, machozi yakimlengalenga.

"Unakwenda wapi?" Bingkun akauliza, na sasa kicheko kimegeuka kilio kitupu. "Miaka arobaini kaka ananiambia hivyohivyo mezani. 'Ya mwisho, Kun, ya mwisho.' Halafu ananimiminia tena." Akamwaga kikombe chote. "Leo hanimiminii."

Hakuna aliyecheka, hata Daliang.

"Endelea, mwanangu," Bingkun akasema.

Suhe akafunga kitambaa chake upya, akawaita wabebaji wainue jeneza.