Mlango wa Stoo

Wapo wanaosema ndoto ya mchana haina maana, ni tumbo tu limeshiba. Mshai Mwakio hakuwa ameshiba siku ile. Asubuhi nzima alikuwa amewatembeza wageni saba katika Bonde la Mitambo, kibendera cha njano mkononi: hapa wanaunda simu, hapa ndipo vijana wawili walipoanza na kompyuta moja, hapa pigeni picha. Walipofika kwenye jengo la kijivu lisilo na jina, mama mmoja mgeni akauliza, "Na humu kuna nini?" Mshai akajibu bila kupepesa macho, "Stoo tu, mama." Ndivyo alivyoagizwa na mwajiri wake. Humo ndani watu huketi kutwa wakitazama video za mauaji na mateso ili wazifute zisitufikie sisi wengine, na mmoja wao ni Wakesho, mdogo wake Mshai wa tumbo moja, ambaye siku hizi hali wala halali. Wakesho alikuwa dirishani akipunga hewa. Alisikia. Akalifunga dirisha.

Hadi adhuhuri jibu lile lilikuwa bado limemkaa Mshai kooni. Akaegemea kiti ndani ya gari la kazi, akingoja kundi la saa nane, na usingizi ukamchukua.

Akajiona naye ni mgeni kati ya wageni, katika nchi ya vioo ambako jua lilichomoza kutoka chini na vivuli vilitangulia watu. Aliyewaongoza alikuwa Sifa, mwenye mavazi ya kumeta, na maneno matamu yalimtoka hata alipofunga mdomo. Aliwapitisha kwa Haraka, anayekula saa za watu zikiwa mbichi, kisha kwa Tamaa, mwenye nyumba ya orofa mia isiyo na ngazi ya kushukia. Watu wa huko juu waliwapungia mikono. Ukiwatazama vizuri, walikuwa wakiomba kuteremshwa. Mshai aliogopa, akatafuta wa kumwambia, lakini wenzake wote walikuwa wakipiga picha. Mwisho wa msafara alitembea mwanamke aitwaye Haya, miguu mitupu, asiyeharakishwa na mtu. "Mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini, "kiongozi huonyesha kwa kidole. Lakini kile anachokipita bila kukionyesha, hicho nacho kinamtazama. Ukiulizwa kuna nini ndani, jibu kama mtu atakayelala humo."

Wakafika kwenye mlango wa kijivu. Uliwekewa mlinzi, jina lake Kimya, mtu mnene asiye na mdomo, funguo zimening'inia shingoni. "Na humu?" Mshai aliuliza, moyo ukimwenda mbio kwa kuwa jibu alilijua. "Stoo," Sifa akasema, na Kimya akafungua. Ndani, safu kwa safu, watu walikuwa wameketi mbele ya mwanga mweupe, na macho yao hayakuwa na kope za kufumba. Mshai akamwona Wakesho, akamkimbilia, akamshika bega. Lilikuwa baridi kama sakafu.

"Wakesho, inuka twende nyumbani."

Mdogo wake hakugeuka. "Umepotea, dada," alisema taratibu. "Humu hamna mtu. Hii ni stoo."

Mlango ukafungwa. Mshai akaugonga mpaka ngumi zikamuuma, akaita, sauti isitoke. Nje akasikia hatua za wageni, na mama yule akiuliza humu kuna nini. Akangoja, akimwomba Mungu. Sauti iliyojibu ilikuwa yake mwenyewe, tamu, isiyokwama popote: "Stoo tu, mama."

Akazinduka jasho likimtiririka. Dereva, Mzee Kirigha, alikuwa akigonga kioo. "Mshai, wageni wamefika. Unaumwa?"

"Siumwi, mzee. Nimeogopa tu."

Aliwatembeza wageni wake sita. Kumbe siku zote alidhani uongo ule ni wa kuwapumbaza wageni; sasa alijua ni nani hasa uliyekuwa ukimfungia ndani. Kwenye jengo la kijivu hakuna aliyeuliza kitu, na wangeweza kupita salama, kazi yake ikabaki. Mshai akasimama. Akatazama juu, dirisha lilikuwa bado limefungwa, akapaza sauti ifike huko.

"Humu wamo watu," alisema. "Mmoja ni mdogo wangu. Anaitwa Wakesho."