Msingi wa Arobaini na Moja

Maji ya bwawa yalianza kushuka mwezi wa sita, na kufika katikati ya mwezi wa tisa yalikuwa yameachia kijiji kizima cha Tochigase. Si paa wala kuta, maana hizo wenyewe walizivunja na kuzichoma kabla ya kuhama. Zilizotokeza ni njia, ngazi, daraja, visima na misingi ya mawe. Miaka sitini chini ya maji, na kila kitu kiko pale pale, kama vyombo mezani kwa mtu aliyetoka kidogo akasema narudi sasa hivi.

Bi Sumie Karasawa alikiona kutoka barabarani, mfuko wa vitunguu mkononi. Akauweka chini. Akasimama mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akarudi kwenye makumbusho yake, akautazama mfano wa kijiji juu ya meza mbili, akatoka tena kulitazama bonde. Alifanya hivyo mara nne siku ile, mtu wa miaka sabini na minne, na vitunguu akavisahau barabarani.

Makumbusho yenyewe yalikuwa chumba kimoja, zamani duka la ushirika. Mlikuwa na sinia za mianzi za kufugia viwavi vya hariri, majembe, picha za shule. Lakini roho yake ilikuwa ule mfano. Wazee waliohamishwa walikaa majira matatu ya baridi wakiutengeneza kwa mbao za mwerezi, kila mmoja akiileta nyumba yake kutoka kichwani na fundi Tomoji akiichonga. Nyumba arobaini, kila moja ukubwa wa kiberiti. Wale wazee wote walishakufa. Alibaki Tomoji, miaka themanini na tisa, sikio moja tu linalosikia.

Na sasa mji ulikuwa umechoka kuyalipia. Wageni kumi na mmoja kwa mwezi, paa linavuja, umeme, posho ya Sumie ya siku tatu kwa wiki. Baraza lilikuwa limekata shauri: mwezi wa tatu mlango ufungwe, vitu vitiwe kwenye maboksi. Ilibaki njia moja. Mkoa ulikuwa na mfuko wa kusaidia makumbusho madogo kwa miaka mitano mfululizo, ila kamati yake ilitaka uthibitisho. Vichwa vya wazee, walisema wale wanakamati, hutoa hadithi nzuri, lakini hadithi si rekodi. Nani ajuaye kama kijiji kilikaa hivyo?

Sumie akapiga simu ofisi ya mji, akawaambia kwamba shahidi amejitokeza mwenyewe, waje kabla mvua haijamfunika.

Wakamleta Bwana Nagakubo, afisa wa utamaduni, mtu wa makamo mwenye buti mpya za mpira, utepe wa kupimia, na picha ya ule mfano iliyopigwa kutoka juu. Tomoji naye akataka kwenda. Mkwewe akamkataza, daktari akamkataza, akaja.

Walishuka watatu kwa njia ya zamani. Nagakubo alianza kwa maneno mengi, kwamba saa mbili zitatosha, kwamba jioni ana kikao. Walipofika darajani alikuwa ameacha kutazama saa. Tope lilikuwa limekauka na kupasuka vipande vipande, na kati ya mipasuko jiwe la njia lilionekana safi, limelainishwa na miguu ya watu waliokwisha kufa. Mashina ya miforosadi, miti ya kulishia viwavi, yalisimama kwa safu, meusi, kila moja mahali pake. Hapakuwa na ndege. Mtu akikohoa, bonde zima lilisikia.

Wakapima kutoka daraja hadi ngazi za hekalu. Nagakubo akapiga hesabu kwa kalamu, akairudia, akamwonyesha Sumie karatasi. Mfano ulikosea kwa hatua moja.

"Hatua hiyo ni ya mzee wa Juu ya Kisima," akasema Tomoji. Kwao mtu aliitwa kwa nyumba yake. "Kila alipopima alikuwa amekunywa."

Hapo Nagakubo akacheka, halafu akavua kofia, kwa sababu walikuwa mbele ya ngazi za hekalu.

Wakaendelea, msingi baada ya msingi. Sumie alitaja jina la nyumba kabla hawajafika, na nyumba ilikuwepo. Jiwe la kusagia lilikuwa palepale mfano uliposema. Sufuria kubwa la chuma la kuogea, limejaa tope laini kama uji, lilikuwa palepale. Kila mara moyo wake ulipiga kana kwamba kuna mtu ameitika. Alikuwa amewaeleza wageni mambo haya miaka kumi na minane, na kumbe yeye mwenyewe hakuwahi kuyaamini yote.

Walipofika kwa Tomoji, pale palipokuwa kizingiti, mzee akasimama. Akajishika kwenye bega la Nagakubo, akavua buti ya kwanza, ya pili, akaziweka sawasawa ncha zikitazama nje, akapanda juu ya tope kwa soksi. Sumie akavua zake. Nagakubo akatazama kushoto na kulia, kisha naye akavua. Wakasimama watatu ndani ya nyumba isiyokuwepo.

Hesabu ilipofika arobaini, afisa akafunga daftari akitabasamu. Akasema hajawahi kuona jambo kama hili tangu aanze kazi, na kwamba taarifa ataiandika usiku huu huu. Ndipo alipoona mawe mengine, ng'ambo ya kijito, peke yake.

"Na ule?"

Wakavuka. Kwenye picha, mahali hapo palikuwa na miti tu.

"Ghala la viwavi," akasema Tomoji upesi.

Nagakubo alikuwa mtu mwema, tena alitaka kuandika ghala. Akafungua kalamu. "Basi ghala. Hesabu yetu inakaa."

Sumie akatazama chini. Buti zake zilikuwa zimewekwa sawasawa kando ya jiwe, ncha zikitazama nje, na yeye alikuwa amesimama juu kwa soksi. Hakukumbuka kuzivua. Miguu ilikuwa imepajua mahali pale kabla ya kichwa chake, na nywele zikamsimama shingoni.

"Bwana Nagakubo," akasema, "mtu havui viatu ghalani."

"Kinuni, nyamaza," akasema Tomoji polepole, akimwita Sumie kwa nyumba yao. "Miaka mitano hiyo."

"Nimenyamaza sitini."

Akamweleza afisa. Ilikuwa nyumba ya Kuzumi, iliyoitwa Miforosadini. Kuzumi ndiye wa kwanza kuweka muhuri kwenye karatasi ya kuuza ardhi kwa bwawa, na kijiji kikamtenga. Miaka mitatu hakuna aliyemsalimu, hakuna aliyemsaidia kuezeka. Yalibaki mawili tu ambayo wangemsaidia, moto ukizuka na maziko. Binti yake Chiyono alikaa dawati moja na Sumie, na kabla ya hapo Sumie alikuwa akilala kwao majira ya viwavi, akiwasikia wakitafuna majani kama mvua. Mama yake Sumie alipomwambia aache, aliacha. Aligeuza kiti. Mwisho wa yote nyumba zote arobaini ziliweka muhuri ule ule.

"Na wazee walisema isichongwe?" Nagakubo akauliza.

"Hakuna aliyesema," akajibu Tomoji. Alikuwa ameketi juu ya jiwe la pembeni, anapumua kwa shida. "Ningesikia, wakati ule masikio yalikuwa mawili. Kila mtu alileta nyumba yake, na hii haikuletwa na mtu. Palibaki pengo. Pengo lilinitazama majira mawili. Ya tatu nikalipanda miti."

Afisa akalifungua daftari tena. Mwishowe akasema ataandika misingi arobaini na moja, na kwamba mfano umepungukiwa nyumba moja, na sababu yake. Kamati itafanya nini na ukweli wa namna hiyo, hajui. Kikao chake cha jioni alikuwa amekisahau. Akavua buti, akapanda, akampa Sumie ncha ya utepe.

Wakapima. Sumie alijua kila chumba, jiko lilikuwa wapi, Chiyono alilala upande gani. Kila alichosema, mawe yaliafiki.

Barua ya mkoa ilifika theluji ikiwa imeanguka na bwawa limeshajaa. Mwaka mmoja, si mitano. Baada ya hapo watatazama tena. Sumie akaisoma kwa sauti kwenye sikio la kulia la Tomoji. Mzee alikuwa ameinama juu ya meza na koleo, anang'oa ile miti midogo mmoja mmoja, na nyumba mpya ya mwerezi inasubiri kando.

"Niliigandisha kwa gundi vizuri mno," akasema, akavuta mwingine.