Fomu ya Aljebra

Verlene Tolliver alikuwa mpishi katika jiko la shule aliyosoma binti yake mwenyewe. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, katika maghorofa ya Delmont nyuma ya kituo cha mafuta. Haya mengine niliyaona, mengine alinieleza tukisubiri nguo zikauke kwenye chumba cha kufulia.

Shule ya Fernwick inapokea watoto wa sehemu mbili: wa mlimani, kwenye nyumba zenye bustani, na wa kwetu. Wanaingia mlango mmoja na kula kwenye bwalo moja, lakini kengele ya hesabu ikilia wanatengana. Wengi wa mlimani huenda chumba cha aljebra, wetu hubaki kwenye hesabu ya kawaida. Wazazi wa Delmont tulidhani mtihani ndio unaoamua: mtoto akipata themanini anapanda, asipopata basi. Na si jambo dogo. Anayeanza aljebra darasa la nane ndiye anayewahi hesabu za juu kabla ya kumaliza sekondari, na vyuo vya uhandisi hutazama hapo kwanza.

Kezia, binti Verlene, alipata sabini na nane. Alikuwa na miaka kumi na tatu, mrefu, mkimya, mtoto wa kufungua redio ili aone sauti inatokea wapi. Barua ya matokeo ilipofika aliisoma, akaikunja, akasema haidhuru. Mama yake alijua inadhuru.

Mwezi wa tano, siku watoto wanayogawiwa aiskrimu, wazazi kadhaa walikuja kujitolea. Mmoja wao, Bi Carolyn Aldous wa mlimani, alisimama na Verlene nyuma ya kaunta wakawa wanapiga soga. Katika maneno yake akataja kwamba mwanawe naye aliukosa ule mtihani, alipata sitini na tisa, lakini yeye alisaini fomu na mambo yakaisha.

Verlene akaacha kijiko ndani ya ndoo. "Fomu gani?"

"Ile ya mzazi kuomba mtoto aingie aljebra hata kama matokeo hayatoshi. Hawakukutumia?"

"Mimi niko humu kila siku tangu saa kumi na mbili asubuhi. Sijatumiwa kitu."

Bi Carolyn akaona haya. Alieleza kwamba hata yeye hakutumiwa, aliambiwa na jirani, naye jirani aliambiwa na mwingine. Akatoa simu akamwonyesha fomu ilipo kwenye tovuti ya shule, chini kabisa, baada ya ratiba ya michezo. Mwisho wa kuirudisha ulikuwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Kesho yake Verlene alivua aproni akaenda kwa mshauri wa wanafunzi, Bwana Pruitt. Si mtu mbaya. Alimweleza kwa upole kwamba darasa lile linakimbia, na walio chini ya themanini huvunjika moyo. Akasema hawataki mtoto aumie.

"Yule aliyepata sitini na tisa," Verlene akauliza, "mama yake ulimwambia hivyo?"

Bwana Pruitt akatoa fomu, akamsogezea pamoja na kalamu.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa tisa, Kezia akawa mtoto pekee wa Delmont katika chumba kile. Jaribio la kwanza alipata thelathini na nane. Na fomu ilikuwa na sharti: aliyeingia kwa njia hiyo asipofikisha wastani wa sabini mwisho wa muhula, anarudishwa. Wenzake kadhaa walikuwa na walimu wa kuwafundisha nyumbani. Kezia alirudi akaiweka karatasi mezani, akamwambia mama yake kwamba shule ilikuwa imesema mapema hatoshi, ni yeye mama aliyeng'ang'ania.

Verlene alikuja kwangu na ile karatasi. Yeye aliacha shule darasa la kumi na moja, na mimi niliyemaliza nilikuwa nimeshasahau yote. Tukakaa watu wazima wawili tukiikodolea macho.

"Labda Pruitt alisema kweli," akasema. "Labda nimemtosa mtoto wangu kwenye maji marefu kwa ubishi tu."

Nilimwambia aende kwa mwalimu, na aende kama mzazi, asiende kama mtu wa jikoni.

Mwalimu wa aljebra alikuwa Bi Halvorsen, mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo. Aliipitia karatasi mara mbili akaona makosa yote yanaangukia mambo mawili tu, hesabu za sehemu kama nusu na robo, na namba hasi. Akamuuliza Kezia nani alimfundisha darasa la saba. Kezia akaeleza kwamba mwalimu wao aliondoka mwezi wa kumi na moja, na kuanzia hapo walikuwa wakiletewa mwalimu wa muda, kila wiki mtu mwingine, wakiwekewa filamu. Darasa jingine la saba, lile lililojaa watoto wa mlimani, mwalimu wake hakuondoka.

"Sikiliza, binti," Bi Halvorsen akamwambia. "Akili yako haina kasoro. Una shimo la nusu mwaka, na hukulichimba wewe. Tutalifukia."

Tatizo likawa muda. Jioni Kezia alipaswa kuwahi basi, na asubuhi wanafunzi hawaruhusiwi madarasani kabla ya saa moja na nusu. Lakini jiko lilikuwa wazi tangu saa kumi na mbili. Basi Kezia akawa anakuja na mama yake alfajiri, na Bi Halvorsen akawa anaingia kwa mlango wa nyuma na kikombe chake cha kahawa, wanakaa kwenye meza ya chuma katikati ya sinia za mikate.

Mpishi mwingine, Earline, hakuweza kunyamaza. "Mwalimu, na mimi nikifaulu nitapata cheti, au nitabaki na viazi vyangu?"

"Utabaki na viazi," Bi Halvorsen akajibu bila kuinua kichwa, "ila utajua umemenya robo tatu."

Siku moja mwalimu aliuliza swali, na jibu likatoka kwenye karai la karoti. Alikuwa Verlene.

"Mama," Kezia akasema, "hilo lilikuwa langu."

Majaribio yakaanza kupanda: hamsini na tano, sabini na tano, kisha mawili ya mwisho juu ya tisini. Wastani wa muhula ukawa sabini na mbili. Verlene alilia pale pale kaunta, foleni ya watoto ikingoja pasta. Kezia mwenyewe alitaka tu kujua swali alilokosa.

Matokeo ya mwaka uliofuata yalipokaribia, Verlene na mimi tulichapa fomu maktaba tukapita mlango kwa mlango Delmont nzima. Baba mmoja alitufungia, akasema shule inajua zaidi. Kumi na sita walisaini. Mwanangu Lamont, aliyekuwa darasa la saba na hakuitaka aljebra, alinuna wiki nzima, lakini nami nilisaini.

Bwana Pruitt alizibeba zote hadi kwa mkuu wa shule, naye akamwita Verlene. Verlene alikwenda akidhani anafukuzwa kazi. Mkuu alimuuliza jambo moja tu, ni wazazi wangapi wengine hawajui habari za fomu. Verlene akamjibu kwamba ingekuwa rahisi zaidi mkuu aanze kwa kuwahesabu wanaojua.

Sasa fomu inakwenda kila nyumba pamoja na barua ya matokeo, kwa Kiingereza na Kihispania. Masomo ya asubuhi yamehamia maktaba, na siku mbili kwa wiki basi la kwetu linapita mapema ili watoto wayawahi. Si yote yaliyonyooka. Wanne kati ya kumi na sita walirudishwa, na darasa la saba bado linakosa mwalimu mara kwa mara. Lamont alipita kwa sabini kamili, bila hata moja ya ziada, akatembea kama mfalme. Na Verlene amejiandikisha kwa mtihani wa watu wazima wa kupata cheti cha sekondari. Anasema anaogopa insha tu.