Hadubini ya Puge na Kadi Isiyo na Jina

Yustina alishuka kwenye basi kijijini Puge saa tatu asubuhi, begi mgongoni, na ndani ya begi kadi ya picha ya kompyuta iliyofungwa kwa gazeti. Aliipata Tabora mjini, dukani kwa Nishant, ambaye alipekua stoo siku mbili nzima kabla ya kuipata. Ilikuwa imebaki hiyo moja tu inayoingia kwenye kompyuta za zamani kiasi kile. Jina la kiwanda lilikuwa limefutika, na Nishant hakumficha.

"Dada, hii inaweza kuwaka," alimwambia. "Zaidi ya hapo siwezi kukuapia."

Aliyemwita Puge ni Mzee Mathias, mtaalamu wa maabara katika zahanati ya misheni. Miaka tisa nyuma Yustina alikuwa msaidizi wake pale pale. Mathias ndiye aliyemfundisha kupaka tone la damu kwenye slaidi, kulitia rangi, na kulisoma bila kubahatisha. Kisha Yustina akaacha, akaenda mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini, kufungua kibanda cha kutengeneza kompyuta. Mathias hakumgombeza siku ile. Alimpa mkono, akarudi kwenye hadubini yake, na tangu hapo hawakupigiana simu hata mara moja. Ndiyo maana wiki iliyopita, Yustina alipoona jina lake kwenye simu, aliiacha iite kwanza akijiuliza amwambie nini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Ingia."

Mathias alikuwa ameketi wima kama anayepigwa picha, shingo imefungwa kola ya hospitali. Pikipiki ilimwangusha mwaka jana, na tangu hapo akiinama dakika mbili tu juu ya hadubini, mikono inakufa ganzi na kichwa kinamzunguka. Mwanzoni hilo halikumsumbua sana, kwa kuwa hadubini ile ilikuwa na kamera iliyounganishwa na kompyuta kuukuu. Alisoma damu kwenye skrini akiwa amekaa vizuri. Lakini mwezi uliopita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kadi ya picha ikaungua. Sampuli zikaanza kupelekwa hospitali ya Nzega, na majibu yakawa yanarudi baada ya siku mbili, tatu.

"Kwa nini tusiihamishie kamera kwenye kompyuta mpya?" aliuliza Kornel, mganga mfawidhi wa zahanati, aliyekuja kusalimia.

"Waya wake hauingii kokote ila humu," Yustina alimjibu, akiwa ameshafungua kifuniko.

Kadi iliingia vizuri. Alipowasha, maandishi meupe yalitokea kwenye skrini nyeusi, mstari baada ya mstari, na Mathias akashusha pumzi. Halafu mfumo wa kompyuta ulipofika mahali pa kuanza kuchora picha, skrini ikazimika. Yustina alizima, akawasha. Vilevile. Mara ya tatu, vilevile.

Wakati huo aliletwa mwanamke mmoja anayeitwa Asnath, mjamzito wa miezi saba, ameshikwa mabega na mama mkwe wake. Ilikuwa mara ya tatu homa kumwangusha ndani ya mwezi mmoja. Inamchoma siku nne, inaondoka yenyewe, anarudi shambani, kisha inamrudia. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa kimesema hapana mara mbili, na siku hiyo kikasema hapana tena. Kornel alimlaza, akamtundikia maji, akapiga simu kuomba gari. Aliambiwa litafika jioni.

Mathias alimwuliza mama mkwe, "Analala wapi huyu?"

"Kwenye nyumba ya zamani, ile ya udongo. Chini, kwenye mkeka. Anasema kitandani anasikia joto."

Mzee aligeuka mwili mzima kumtazama Yustina, maana shingo peke yake haikugeuka. "Papasi," alisema taratibu. "Wale kupe wa kwenye nyufa za sakafu. Walikuwa wakiwauma wapagazi wa misafara kwenye kambi za njia hii hii, na hawajahama. Mtoe damu."

Yustina alipaka slaidi na kuitia rangi. Mikono ilikumbuka yenyewe. Mathias akavua kola, akainama kwenye hadubini. Haikuchukua muda jasho lilimtiririka, akarudi nyuma akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Nimeona kama uzi mmoja. Au ni uchafu wa rangi. Hebu tazama wewe."

Yustina alitazama. Aliona vitu vyembamba, lakini ugonjwa ule hakuwahi kuusoma hata siku moja, na hakujua kama anachokiona yeye ndicho alichokiona mzee. Hawakuwa na namna ya kukitazama pamoja.

Alirudi kwenye kompyuta.

"Imekufa?" Mathias aliuliza.

"Haijafa, Mwalimu. Mfumo unaiuliza kadi jina lake ili uitafutie draiva, programu ya kuiendesha, na haulipati. Lakini yale maandishi ya mwanzo yanatokea, siyo? Hakuna aliyeiambia kompyuta kadi ni ya nani, na bado yanatokea. Kila kadi imechomewa kiwandani maelekezo machache ya kawaida, vipimo vya picha ambavyo karibu kadi zote zinavifahamu. Sasa sitaiuliza jina. Nitaiambia tu inipe kipimo fulani."

Kwenye flashi yake alikuwa na programu ndogo ya kuendesha skrini, ndogo kuliko picha moja ya simu, isiyo na mapambo wala kasi. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: kuomba kipimo kwa maelekezo yale ya kiwandani, kisha kuchora. Akauzuia mfumo usianze kuchora kwa njia yake ya kawaida, akaiweka hiyo mahali pake.

Skrini ilitoa picha. Kornel alipiga makofi. Yustina naye alianza kutabasamu, kisha akaona uso wa Mathias.

"Hapana," mzee alisema. "Hizi ni rangi ngapi?"

"Kumi na sita."

Chembe za damu zilikuwa mabaka ya waridi yaliyogandamana, na kati yake hakukuwa na cha kusomeka.

"Kwa hizi siwezi kumwambia mtu anaumwa au haumwi. Na wewe unajua."

Alijua, na aliona aibu kwamba nusura aridhike. Aliiamuru kadi itaje vipimo vyote inavyovijua; orodha ya namba ikashuka. Alichagua kikubwa kuliko vyote, na skrini ya zamani ikashindwa, ikaonyesha giza. Akateremka ngazi moja: nukta mia nane kwa mia sita, rangi elfu sitini na tano.

Picha ilijichora polepole kutoka juu kwenda chini. Katikati ya chembe nyekundu zilionekana nyuzi za zambarau, zimejisokota kama takataka za randa ya seremala. Mathias alinyoosha kidole.

"Huyu. Na huyu. Na huyu hapa. Unaona ninachokiona?"

"Naona, Mwalimu."

"Homa ya papasi," Mathias alimwambia Kornel. "Mtibu. Ila kaa naye karibu. Dawa ikianza kuwaua vijidudu hawa, homa hupanda kwanza."

Ilipanda kweli. Kwa karibu saa mbili Asnath alitetemeka mpaka kitanda kikalia, Kornel hakuondoka pembeni yake, na gari lilipofika halikuwa na mgonjwa wa kukimbiza. Kufikia saa kumi na moja homa ilikuwa imeshuka, akaomba uji.

Yustina alikuwa akiipanga programu ijiwashe yenyewe kila kompyuta inapowashwa, Mathias akimwangalia.

"Nilidhani umeitupa kazi niliyokufundisha," mzee alisema. "Nilikaa na hilo miaka tisa."

"Ulinyamaza, Mwalimu, nikadhani umenifukuza."

"Nilikosea. Ningekuuliza tu kwa nini unakwenda."

Akamwuliza siku hiyo, na Yustina akamweleza, mpaka basi la mwisho likampita na ikabidi alale kwa Mathias na mkewe.

Wiki iliyofuata bwana afya alikwenda kwa Asnath, sakafu ikachimbuliwa, ikasakafiwa kwa saruji. Miezi miwili baadaye Kornel alimpigia Yustina kumwambia kwamba Asnath amejifungua salama mtoto wa kike, na kwamba yeye mwenyewe sasa anajifunza kusoma slaidi kwa Mathias, wawili wameketi mbele ya skrini moja.