Kikapu cha Mama na Safari ya Mongolia

Sifaeli ni kaka yangu mkubwa na ni mwongo, na nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye ofisi ya utalii mjini Arusha nikiwapangia watu safari. Hamu yangu mwenyewe ilianza nikiwa darasa la tano kule Akheri, nilipochora ramani ya dunia kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko nikachapwa. Nimeshafika Lusaka, Addis Ababa na Mumbai, kila mara kwa likizo ya kubembeleza. Leo, Jumanne jioni, ilikuwa zamu ya Mongolia, na pasipoti yangu yenye viza ilikuwa haionekani tangu Jumapili.

Mama ndiye aliyeichukua. Aliificha chini ya mayai kwenye kikapu cha sadaka ili mchungaji aiombee bila mimi kumcheka. Akajisahau akisalimiana na watu. Mnada wa sadaka ulipokwisha, kikapu kilikuwa kimeshanunuliwa. Aibu ikamziba mdomo. Ameniambia leo asubuhi, analia.

Nikamkimbilia Mzee Elihuruma, anayenadi mazao pale kanisani.

"Shikamoo, mzee. Kikapu cha mama alikinunua nani?"

"Marahaba. Si kakako? Alipandisha bei mpaka tukampigia makofi!"

Damu ilinichemka. Jumapili ileile nilimpigia Sifaeli simu, nikamwambia pasipoti imepotea. Alinijibu nitafute vizuri chini ya kitanda!

Nilirudi nyumbani kuchukua begi langu la safari. Mama akaingia kwenye gari langu na mfuko wake, nami nilikuwa na hasira mno hata sikumuuliza anakwenda wapi.

Sifaeli tulimkuta akipogoa kahawa. Shikamoo sikumpa.

"Pasipoti yangu."

Hakukana hata. "Ningekupa kesho, ndege ikishaondoka. Huna mume, huna mtoto, Elinipa, kazi kuzurura tu. Mama atabaki na nani?"

"Kwani wewe alikuokota? Unakaa hapa, shamba moja tu kutoka kwake, na hujawahi kumpa hata kikombe cha chai!"

"Hiyo si kazi ya mwanamume."

Namshukuru Mungu sikuwa na kitu mkononi. Nilimchukia kaka yangu wakati ule, na sijamaliza kumchukia.

Mama alishuka, akatupita, akauweka mfuko wake barazani.

"Mpe mtoto pasipoti yake."

Sifaeli aliingia ndani akaileta. Nikampokonya, nikafungua ukurasa wa viza, ilikuwepo. Yeye alikuwa anautazama ule mfuko.

"Na humu mna nini, mama?"

"Nguo zangu. Nakaa hapa mpaka Elinipa arudi. Chai yangu haitiwi sukari, na utaichemsha wewe, si mkeo."