Wageni wa Blogu ya Loice

Alasiri ile Nyaboke alikuwa ameketi chini ya kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo, akitafuta mahali pengine pa kupachika maneno "kazi za nyumbani Doha" bila sentensi kuharibika. Ofisi ilikuwa mtaa wa Al Sadd, juu ya duka la juisi. Kampuni ilileta wasichana kutoka Kenya na Uganda kufanya kazi majumbani mwa watu. Nyaboke hakumleta mtu wala kumpeleka. Yeye aliandika blogu.

Msimamizi wake, Fabian, Mtaita mpole aliyefunga tai hata mwezi wa Agosti, alikuwa amemweleza kazi hiyo tangu mwanzo. Mtu akiuliza Google habari za kazi Doha, kampuni yao itokee ukurasa wa kwanza, maana ukurasa wa pili hakuna anayeufikia. Na Google humwamini anayetajwa na wengi. Kwa hiyo Nyaboke awe wengi. Akawa wengi. Akawa dereva anayeipenda kazi yake, akawa mama mwenye nyumba aliyeridhika, akawa msichana wa kazi. Kila mmoja alikuwa na blogu yake, na kila blogu ilimwelekeza msomaji kwenye tovuti ya kampuni.

Iliyosomwa zaidi ilikuwa ya msichana wa kazi, "Maisha ya Loice Doha". Jina Fabian alilitoa kwa msichana wa kweli waliyempeleka mtaa wa Abu Hamour mwaka 2009, kwa sababu lilikuwa fupi na picha yake ilikuwa na tabasamu. Loice wa blogu aliwapikia watoto wa mwajiri maandazi, wakayapenda. Ijumaa alitembea ufukweni, Corniche, akila aiskrimu. Na mara nyingi alikumbuka nyumbani: ubaridi wa asubuhi, moshi wa jikoni ukipenya kwenye mabati, sauti ya mtu akimwita kutoka shambani. Hayo ya nyumbani Nyaboke hakuyabuni. Yalikuwa ya Keroka, kwao. Aliyaandika upesi bila kufuta neno, na akimaliza alirudi kwenye maandazi.

Blogu ilipofika ukurasa wa kwanza, wageni walianza kuja.

Walitokea hapo ofisini, kati ya mlango na mtungi wa maji ya kunywa, wakiwa vilevile walivyokuwa walipoibonyeza blogu huko makwao. Wengi hawakukaa. Mwanamume mmoja wa Eldoret, aliyekuwa akitafuta bei ya jiko la gesi, aliangalia huku na huku, akasema samahani, akatoweka. Wasichana walikaa zaidi. Walisimama na madaftari yao ya shule kifuani, wakitazama ukutani picha za minara ya West Bay, na waliporudi makwao baadhi yao walianza kutafuta pasipoti. Mgeni alikaa kadiri ukurasa ulivyokaa wazi mbele yake huko alikotoka, na hakuna aliyeweza kuuvuka mlango wa ofisi. Fabian alifurahi. Aliagiza viti vya plastiki na zulia la kupangusia miguu, kwa kuwa makwao wageni mvua zilikuwa zimeanza.

Mama Loice alikuja na matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Kitale, amefunga kitambaa kichwani, na mkononi alishika kikaratasi alichokuwa amemwandikia kijana wa cyber, duka la intaneti: Loice Doha.

"Hodi," alisema. "Ni wewe unayeandika?"

"Karibu, mama," Nyaboke alisema. "Ni mimi."

Mama alimtazama sana. "Wewe si Loice."

"Hapana, mama."

"Nilijua. Mwanangu hajui kupika maandazi." Akakaa kwenye kiti cha plastiki. "Lakini ule moshi kwenye mabati ulinichanganya. Nikasema, huyu ni mtu aliyelelewa na mama. Sasa yeye yuko wapi? Tangu afike huko sijamsikia."

Nyaboke alimletea maji. Alimwambia ukweli: yuko Abu Hamour, kwenye nyumba ya watu, na hana simu. Mama alikunywa maji yote. Glasi ilibaki kwenye kiti alipoondoka.

Alirudi kila alipopata nafasi ya kwenda mjini. Hakulaumu. Alikaa pale akieleza habari za nyumbani kana kwamba Nyaboke angezifikisha: ng'ombe amezaa, dada mdogo ameolewa, kitanda cha Loice hakijalaliwa na mtu. Nyaboke alisikiliza huku vidole vikiwa juu ya kibodi. Tangu aje Doha hakuna aliyewahi kutokea mlangoni akimuulizia yeye.

Mwishowe alimwendea Oloo, dereva wa kampuni, ambaye wiki hiyo alikuwa na safari ya Abu Hamour kupeleka bataka mpya ya Loice, kitambulisho chake cha ukaazi.

"Dada, ile nyumba naijua," Oloo alisema. "Madam huchukua kitu mlangoni, anafunga geti. Lakini msichana ndiye hutoa takataka."

"Basi mpe simu yako ile ya zamani. Mwambie ajitafute Google. Aandike jina lake tu."

Oloo alijikuna kidevu. "Wakimshika nayo?"

"Mama yake anakuja Alhamisi," Nyaboke alisema.

Alhamisi Mama Loice alikuwa akisimulia habari za ng'ombe wakati Loice alipotokea kando ya mtungi wa maji. Alikuwa amevaa sare ya buluu, mikono imejaa povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, na simu ya Oloo ameibana chini ya kidevu. Alikuwa amekonda kuliko picha. Mama alisimama, akamfuta povu kwa leso yake, mkono mmoja kwanza, halafu wa pili.

"Nani amekukata nywele hivi?"

"Madam. Zilikuwa zinadondoka kwenye chakula."

"Zimeanza kurudi. Kaa hapa."

Loice akakaa sakafuni katikati ya magoti ya mama yake, na mama akaanza kumsuka. Walizungumza kwa sauti ya chini mambo ambayo Nyaboke alijitahidi asiyasikie. Aliyasikia. Loice alilala kwenye stoo ya kufulia nguo. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, na alipoomba kurudi kwao aliambiwa angoje mpaka mtoto aanze shule. Safu ya tatu ilikuwa bado haijafika kisogoni Loice alipoitwa jina kutoka mahali fulani, akatoweka, na mikono ya mama ikabaki hewani.

Loice alikuja tena, na tena, kila alipopata mwanya, na kichwa kilichosukwa nusu. Mama alianzia alipoachia. Fabian alipita na faili zake, akawasalimu, akamwambia Nyaboke kwamba wageni wanaokaa muda mrefu namna ile ndio Google inawapenda hasa.

"Mwanangu," Mama Loice alimwambia Fabian siku moja, bila kuacha kusuka, "huyu msichana mkataba wake umekwisha. Naomba pasipoti yake, aende nyumbani."

Fabian alilegeza tai. Pasipoti ilikuwa kwenye kabati nyuma yake, angeweza kuigusa bila kuinuka. "Mama, ningekuwa na uwezo ningekupa leo hii. Lakini lazima kafili, mwajiri wake, akubali. Ndiye aliyemleta, ndiye wa kumruhusu aondoke. Hiyo ndiyo sheria, mimi sikuiandika."

"Yeye si yuko hapa?" mama aliuliza. "Si unamwona?"

"Namwona, mama. Lakini hapa ni mgeni tu."

Fabian alipotoka kwenda msikitini na wenzake wa duka la juisi, ingawa yeye alikuwa Mkristo na alikwenda kwa ajili ya mazungumzo, Nyaboke alifungua kabati. Aliitia pasipoti mfukoni mwa sare ya Loice. Loice aliishika kwa nje, juu ya kitambaa. Kisha akaitwa, akaenda nayo.

Kesho yake Oloo aliirudisha. Madam alikuwa ameikuta jikoni, akamkabidhi getini na kuomba kampuni iwe makini zaidi na nyaraka za watu. Katika kuuliza imefikaje, watu wa nyumba ile walipekua stoo ya kufulia, wakapata na simu. Oloo aliweka vitu vyote viwili juu ya meza ya Nyaboke. Fabian alichukua pasipoti, akaifuta vumbi, akaifungia kabatini. Funguo alizitia mfukoni mwake.

"Sasa andika moja kuhusu Loice kuongeza mkataba," alisema kwa upole. "Watu wanapenda habari ya mtu aliyebaki."

Nyaboke alifikiria kukataa. Kisha akafikiria kwamba blogu isipoandikwa itashuka, itafika ukurasa wa pili, na kijana wa cyber kule Kitale ataandika Loice Doha asipate kitu. Akaandika. Loice wa blogu aliongeza mkataba kwa furaha, na watoto wakamkumbatia.

Mama Loice alikuja mvua ikiwa imemlowesha mabega. Aliangalia upande wa mtungi wa maji. Nyaboke alimweleza yote, pamoja na pasipoti na nani aliyeitoa kabatini. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Vidole vyake vilikunjana na kukunjuka mapajani.

"Wewe ni wa nani?" aliuliza hatimaye.

"Wa Keroka, mama. Naitwa Nyaboke."

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Hajui kompyuta."

"Njoo ukae."

Nyaboke alishusha kibodi sakafuni, akakaa katikati ya magoti yale yenye unyevu. Vidole vilikuwa baridi na havikuwa na haraka. Vilichambua nywele, vikafuata mstari kutoka kwenye paji la uso kwenda nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu aje Doha Nyaboke alifumba macho mchana. Alipoyafumbua, kiti nyuma yake kilikuwa kitupu. Kule Kitale cyber ilikuwa imefungwa. Alijipapasa kichwa, upande mmoja umesukwa, mwingine uko wazi. Akaivuta kibodi, akaanza kuandika ya wiki ijayo.