Mafundo ya Ukindu

Siku ile Bibi Mwanaidi alisuka ukili wa mkeka akaufumua mara tatu. Mtawanya nzima inajua kwamba mikono yake haikosei. Hata akizungumza na mgeni, hata akimkemea kuku, vidole vinakwenda vyenyewe. Lakini mjukuu wake Thabiti alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kupimwa macho mjini, na adhuhuri ilikuwa imepita hajarudi.

Kijana alikuwa amepata nafasi katika chuo cha marubani. Kilichobaki ni cheti cha afya. Moyo ulipimwa, ukaonekana mzima. Masikio, mazima. Yalibaki macho, na Thabiti alikuwa na macho ya kumwona kunguru juu ya mnazi wa tatu. Nani angehofu?

Bibi Mwanaidi alihofu, wala hakumwambia mtu.

Thabiti aliingia alasiri, akavua viatu, akajibwaga mkekani.

"Mume wangu, kulikoni? Nani kakuudhi huko?" Tangu azaliwe alimwita mume, kama bibi wengi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao.

"Nimefeli, Bibi. Kuna kitabu, kila ukurasa umejaa vidoa vya rangi, kama choroko zilizomwagika. Ndani ya vidoa kuna namba. Daktari Sabina ananiuliza, namba gani? Mimi naona choroko tu! Kumbe nyekundu na kijani zinanichanganyikia. Akaniuliza kama upande wa mama kuna mtu mwenye hali hiyo. Nikasema hakuna."

Bibi akainama, akaokota ukindu ambao haukuwa umeanguka.

Hata hivyo daktari hakumfukuza. Alimpa maji, akamweleza polepole kwamba anayefeli kitabu ana nafasi ya pili, Dar es Salaam, kwenye kipimo cha taa. Huonyeshwa taa ndogo, nyekundu, kijani na nyeupe, naye hutaja. Akifeli hapo, urubani wa kubeba abiria basi tena. Kisha akamwandikia namba yake ya simu kwenye karatasi. Bibi Mwanaidi aliiweka hisani ile moyoni. Yeye hisani hazisahau.

Jioni akaja Mjomba Yassini, mtoto wa mwisho wa Bibi, dereva wa kampuni ya gesi kule Mnazi Bay. Aliposikia akacheka.

"Mjomba, hilo nalo la kununia? Kitabu hicho ndicho hicho kila mahali. Picha zake hizi hapa, nakutumia kwenye simu. Kariri! Halafu nenda kwa daktari mwingine asiyekujua. Wewe uliyehifadhi juzuu tatu kwa Maalimu, utashindwa na namba thelathini na nane?"

Basi wakakariri. Siku tatu Bibi alishika simu ya Thabiti, akifunua picha moja moja. Yeye mwenye mtoto wa jicho aliziona namba waziwazi, na hilo lilimchoma. "Hii kumi na mbili. Hii nane. Hii?"

"Ishirini na tisa," Thabiti alijibu. Alikuwa anashika alama za pembeni, kidoa kikubwa huku, pengo dogo kule. Siku ya tatu alizitaja zote bila kukosea, na Yassini akampigia makofi.

Bibi hakupiga. Kila ndege ya kutoka Dar ilipopita juu ya paa, yeye alitoka uani, akaikodolea macho mpaka ishuke.

"Hivi, mume wangu, rubani anazitakia nini hizo rangi?"

"Mambo mengi. Sema redio imekufa hewani. Mnara unakumulikia taa. Kijani, tua. Nyekundu, usitue, zunguka."

"Na wewe utajuaje?"

"Nitajua tu, Bibi."

Bibi aliingia ndani, akakaa kitandani, akasimama, akakaa tena. *Nitajua tu.* Ndivyo alivyokuwa akisema marehemu mumewe, Selemani.

Selemani aliwahi kupeleka mkeka kwa bi harusi aliyeagiza mwekundu. Alipeleka wa kijani, akaukunjua mbele ya wanawake arobaini. Walicheka mpaka wakalia, na yeye Mwanaidi alicheka pamoja nao. Kisha akamwona mumewe anavyokunja ule mkeka, taratibu, bila kumtazama mtu. Tangu siku hiyo alifunga mafundo kwenye matita ya ukindu uliotiwa rangi. Nyekundu fundo moja, kijani mawili. Hakusema kwa nini, wala Selemani hakuuliza. Hakuna aliyemcheka tena mpaka anaingia kaburini.

Halafu akaja mjukuu, mwana wa binti yao Farida. Alipofika miaka mitano akaanza kumpa Bibi nyanya mbichi akidhani zimeiva. Bibi akafunga mafundo yale yale, na mtoto akakua akiamini kwamba ndivyo ukindu unavyofungwa duniani kote.

Asubuhi ya nne alitoa matita sita, akayafungua mafundo yote, akayapanga mkekani.

"Nipe nyekundu."

Vidole vya Thabiti vilikwenda kwenye ncha ya tita, vikapapasa. Hapakuwa na kitu. Akatazama. Akatoa moja.

"Nipe nyekundu nyingine."

Akatoa nyingine. Kisha akausoma uso wa Bibi.

"Zote mbili kijani?"

"Zote."

Thabiti alikaa akiyatazama yale matita. Kisha akainua kichwa. "Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Una miaka mitano. Babu yako naye alikuwa hivyo hivyo. Sikutaka mtu akucheke, mjukuu wangu."

"Bora wangenicheka! Wangenicheka nina miaka sita, Bibi, ningejua! Nimelala na ndege kichwani utoto wangu wote, na wewe umekaa hapo, unafunga mafundo!"

Akachukua viatu mkononi, akaondoka. Siku mbili alikuwa Shangani kwa rafiki yake, simu hapokei. Bibi Mwanaidi chakula hakikushuka. Akaamua kwenda mjini, akamtafuta Daktari Sabina mpaka akampata.

"Yule kijana alikwambia ukoo wake hauna. Upo. Ni babu yake. Mimi ndiye niliyeficha."

Daktari alisimama, akampa kiti chake mwenyewe. "Si kosa la mtu, mama. Hupita kwa binti bila kuonekana, hutokeza kwa mjukuu. Ila alistahili kujua mapema."

"Ndiyo," alisema Bibi. Hakujitetea.

Siku ya tatu Thabiti alirudi kuchukua begi. Picha alikuwa amezifuta.

"Naenda Dar kwenye taa. Taa hazikaririki."

Mjomba Yassini alimwita mjinga mara mbili, kisha akambebea begi hadi stendi, akamkalisha dirishani.

Simu iliita Alhamisi, Bibi akiwa na ukindu mapajani.

"Bibi, kijani nimeita nyeupe. Mara nne."

"Kwa hiyo, baba?"

"Kwa hiyo abiria sitabeba." Magari yalisikika nyuma yake. "Wanasema labda kindege kidogo, mchana, peke yangu. Sijui kama nataka. Sijui chochote sasa hivi."

Bibi Mwanaidi alitafuta neno la kumbembeleza. Alikuwa nayo mengi, yamepangika mdomoni tangu zamani, naye aliyaacha hapo hapo.

"Bibi, upo?"

"Nipo."

"Lile shati langu la mahafali. Lile nililosema la kahawia, na wewe ukaitikia. Rangi gani?"

"Kijani."

Thabiti akavuta pumzi. Hakucheka, wala hakukata simu.

"Nini kingine?" aliuliza.

Bibi Mwanaidi akauweka ukindu chini, akaegemea ukuta, akaanza kumwambia, tangu zile nyanya.